Rubiela wa Taa za Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajafungua chumba chake cha kazi, Rubiela Cifuentes alinunua kahawa nyeusi kwenye kibanda cha Fanny, akavuka uwanja na kikombe mkononi, akaenda kusimama nyuma ya magari ya stendi. Hakuwa na haja ya kusema neno. Dereva akimwona kwenye kioo alikanyaga breki, taa za nyuma zikawaka, naye akapiga funda moja akasogea kwenye gari la pili. Magari yalikuwa kumi na tisa, yote jipu za zamani za jeshi aina ya Willys, yamejipanga kando ya kanisa makalio yakiwa uwanjani, na kahawa ile ilimfikisha mpaka la kumi na nane. Gari lililowaka vizuri alilipita tu. Lisilowaka alilipiga bati makofi mawili, na mwenye nalo akajua leo hapandi mlima kabla hajapita kwa mama fundi.

Alikuwa na miaka sitini na tatu. Mwili mdogo, miwani imefungwa kwa waya wa shaba, kucha nyeusi siku zote isipokuwa Jumapili. Kazi hii hakuisomea. Iliingia nyumbani kwake pamoja na mumewe. Leonel alikuwa fundi umeme wa magari, tena mzuri, ila macho yake hayakujua kutofautisha nyekundu na kijani, na siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa alimkalisha Rubiela juu ya kopo la rangi kando ya gari, yeye kichwa kiko chini ya dashibodi, anauliza kwa sauti ya chini, "Rubi, huu nilioshika?"

"Mwekundu."

"Na huu?"

"Kijani. Uache huo."

Watu walipita wakasema tazameni yule bwana anavyompenda mkewe, hata waya hawezi kuufunga bila yeye. Baada ya miaka mitatu Rubiela alikuwa anamtajia rangi na mahali pa kuifunga. Baada ya kumi, Leonel ndiye aliyekaa kwenye kopo. Alipofariki, na hiyo sasa ni miaka kumi na moja, hakuna dereva aliyeuliza fundi atakuwa nani.

Siku zile kila gari lilikuwa na taa zake kama mtu alivyo na sura yake. Kioo cha taa ya kushoto ya gari la Ovidio kilipigwa teke na nyumbu, Rubiela akakiziba ufa kwa rangi ya kucha, kikawa kinawaka pinki kidogo. Gari lingine lilikuwa na taa ya trekta upande mmoja. Lingine lilikonyeza kila lilipoingia shimoni. Saa kumi na mbili na nusu jioni, mtu aliyekaa kwenye kibaraza cha shamba lolote kule juu akiona taa zinapanda kona, alimjua mwenyewe kabla hajaisikia injini. Wanawake walijua saa ya kutia ndizi kwenye supu. Wengine walijua saa ya kumwondoa mgeni.

Na miezi ya kuvuna kahawa chumba chake hakikupumua. Magari yalishuka na magunia mpaka juu ya paa, yakirukaruka mawe, globu zikiungua kama punje za mahindi kwenye kikaango. Rubiela alizihifadhi mpya ndani ya kopo la biskuti, zimelazwa kwenye pamba. Madereva walikaa kwenye benchi wakingoja, wakibishana juu ya mpira na bei ya kahawa na nani aliyemwibia nani kuku mwaka gani, na mara nyingi gari lilishakuwa tayari lakini mwenyewe hainuki.

Chumba chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha chama cha madereva, pale chini ya ofisi yao, mlango umeelekea uwanjani. Mwenyekiti wa zamani alimpa Leonel ufunguo kwa sharti moja tu, kwamba chumba ni cha fundi taa maadamu magari yanahitaji fundi taa. Mwenyekiti alikufa, Leonel akafa, sharti likabaki.

Sasa kahawa ilikuwa imepungua na watalii wameongezeka. Walikuja Jumamosi na Jumapili kupanda Willys na kupigwa picha. Duván, katibu mpya wa chama, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi, alikihitaji chumba kile kwa ajili ya kuuza tiketi. Hakuficha. Alikuja Jumatatu moja na maboksi mawili, akayaweka juu ya meza ya kazi.

"Doña Rubi, chama kimenunua taa za LED za magari yote. Ukaguzi ni Jumamosi. Utaweza mpaka Ijumaa?"

Rubiela alitoa moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Ilikuwa nyepesi kama kifuniko cha sufuria ya mtoto. Akaigeuza. Haikuwa na mlango wa kuingizia globu. Imezibwa pande zote.

"Ikiungua?"

"Haiungui. Muuzaji anasema miaka kumi."

"Miaka kumi nitakuwa na sabini na tatu."

"Basi utakuwa umepumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Duván alicheka kwa adabu, kisha akasema lililomleta. Mwezi wa kumi na mbili chama kitakaa. Magari yakiwa yanaendelea kuja kwake, chumba ni chake, hakuna atakayemgusa. Yasipokuja, basi. "Si mimi, mama. Ndivyo sharti lilivyo."

"Nalijua sharti," alisema Rubiela. "Lilitolewa hujazaliwa."

Alianza siku ile ile. Kazi ya kufunga taa hizo ni rahisi kuliko inavyoonekana. Unafungua skrubu mbili zilizokufa kwa kutu, unaitoa taa ya zamani, ndani yake globu nyeusi kama maziwa yaliyoungulia chini ya sufuria na buibui mmoja aliyehamia. Unaunga waya wa taa ndogo, wa breki, wa indiketa. Unabaki na waya mweusi, ambao unaufunga kwenye bodi ya gari, kwa sababu umeme ukishawasha taa unarudi kwenye betri kwa kupitia bati. Hapo ndipo pana siri yote ya kazi. Kabla ya kuufunga waya mweusi lazima ukwangue rangi mpaka chuma kiwe cheupe. Usipokwangua, leo itawaka vizuri kabisa. Mvua zitakuja, unyevu utaingia kati ya rangi na skrubu, na kabla ya mwisho wa mwaka taa itaanza kufifia, itakonyeza, itazima. Na mwenye gari atarudi kwa fundi.

Jumatatu alifunga magari sita. Kwenye lile la kwanza mkono wake ulichukua kisu cha kukwangulia, ukakaa nacho kidogo, ukakirudisha kwenye beseni. Alifunga waya mweusi juu ya rangi. Akafanya vivyo hivyo kwa yote sita, na kwa kila moja alikaza skrubu kwa nguvu zaidi, kama vile kukaza kungefuta alichokifanya.

Yeison, ambaye gari lake lilikuwa la sita, alikanyaga breki mwenyewe akakimbia nyuma kutazama. Uwanja mzima ulikuwa mwekundu.

"Mama yangu. Hizi si taa, ni danguro."

"Unayajua madanguro wewe?" alisema Ovidio kutoka kwenye benchi.

"Nimesimuliwa na baba yako."

Watu wakacheka. Rubiela alikuwa amewageuzia mgongo anafuta mikono.

Jioni ile mvua ilinyesha ile nyembamba isiyo na sauti. Gari la Yeison ndilo lililotoka la mwisho. Ndani lilijaa magunia ya mbolea, kwa hiyo abiria walisimama nyuma juu ya bampa, wameshika vyuma vya paa, kama watu wa kule walivyosafiri siku zote. Kwenye Willys taa ya nyuma iko pale pale kando ya miguu ya watu. Upande wa kushoto alisimama Luz Dary, mtoto wa shule, binti wa Fanny mwenye kibanda cha kahawa, anakwenda kulala kwa bibi yake. Alikuwa amevaa buti za mpira, na taa mpya ilizipaka nyekundu mpaka magotini. Gari liliingia kwenye ukungu. Mwili wa mtoto ukapotea, magunia yakapotea, zikabaki buti mbili nyekundu zinapanda kona peke yake. Nyuma ya gari likafuata lori la maziwa.

Rubiela alisimama mlangoni mpaka buti zile zilipofichwa na mlima. Alikwenda nyumbani, akapasha supu, akaiacha ikapoa.

Asubuhi alivuka uwanja kama kawaida. Yale magari sita yalikanyaga breki kwa fahari, yakawaka kiasi kwamba kuta za kanisa zilibadilika rangi. Akalipiga la kwanza makofi mawili. La pili makofi mawili. Yote sita.

Yeison aliteremka. "Mama, linawaka."

"Naona linawaka. Lilete."

"Limekosa nini?"

"Jana nilikuwa na haraka."

"Wewe? Haraka? Nimekujua toka nanyonya, sijaona."

"Lilete, Yeison, au nikutajie mbele za watu ulinyonya mpaka miaka mingapi."

Alilileta. Rubiela alifungua skrubu, akavuta waya mweusi pembeni, akachukua kisu. Rangi ya gari lile ilikuwa na matabaka: buluu ya juu, chini yake kijani, chini yake nyekundu ya zamani aliyoipaka babu yake Yeison, chini kabisa ile rangi ya jeshi. Alizikwangua zote mpaka chuma kikamng'alia machoni. Aliikwangua vizuri, akijua kwamba hapo anakikwangua na chumba. Ikifika mwezi wa kumi na mbili hakuna gari litakalokuja. Kufika Ijumaa saa sita mchana magari kumi na nane yalikuwa na chuma cheupe chini ya waya mweusi, na benchi lilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukaa.

La kumi na tisa lilikuwa la Don Aldemar Giraldo. Alilichelewesha wiki nzima. Mara tairi, mara mchwa wameingia kwenye stoo, mara ana kikohozi. Alikuwa na miaka sitini na minane, mjane, mrefu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na gari lake alilipa jina la Mbishi, ingawa wenzake walisema jina lilikosea njia, likapewa gari badala ya mwenyewe.

Taa ya kushoto ya Mbishi ilikuwa maarufu. Tangu mkewe Aldemar alipofariki, miaka saba ilikuwa imepita, taa hiyo ilizimika kila baada ya wiki mbili. Rubiela alibadilisha globu, akabadilisha kishikio, akabadilisha waya wote toka mbele mpaka nyuma, na bado. Mwishowe aliitia globu tone la rangi ya kucha, na kishikio chake tone lingine, yakitazamana. Wiki mbili baadaye Aldemar alikuja na uso wa masikitiko, na Rubiela alipofungua kioo akakuta tone la globu limegeuzwa robo duara. Mtu alikuwa ameilegeza kwa mkono. Rubiela alijua ni mkono wa nani. Aliirudisha, kazi ya dakika moja, na Aldemar akakaa juu ya kopo la rangi kwa saa nzima, akimsimulia juu ya dada yake aliyeko Hispania na jirani anayefuga mbuni. Ikawa ndivyo miaka yote iliyofuata. Taa ilizimika, ikawashwa, na wote wawili wakaitukana.

Ijumaa ile alikuja saa nane mchana. Akakaa kwenye kopo. Rubiela alitoa taa za zamani, akafunga waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akachukua kisu.

"Usikwangue," alisema Aldemar.

"Nini?"

"Rangi. Iache. Miaka saba nimekaa hapa natazama mikono yako, kazi hii naijua sasa. Ukiiacha, mwezi wa kumi na moja itazima. Nitakuja. Duván atajua nimekuja. Gari moja nalo ni gari."

"Unataka nikufungie vibaya."

"Vibaya kidogo. Kama ulivyowafungia wale sita."

Rubiela alishusha kisu. "Uliona?"

"Nilikuwa kwa Fanny. Nilikiona kisu kinatoka na kinarudi."

"Na ukanyamaza."

"Nilifurahi," alisema Aldemar, akiitazama kofia yake ambayo sasa ilikuwa mkononi. "Nilisema, bado tutakuwa naye. Halafu Jumanne nikaona unaanza kukwangua. Sikulala vizuri wiki hii, Rubi. Si kikohozi."

Nje kuku wa Fanny walikuwa wanagombana. Rubiela alivua miwani, akaifuta na upindo wa aproni, ikazidi kuchafuka.

"Nani husimama upande wa kushoto wa bampa yako?"

Aldemar aliigeuza kofia mikononi.

"Nakuuliza, Aldemar."

"Watoto wa shule ya Las Nubes."

"Wangapi?"

"Watatu. Siku nyingine wanne."

"Sasa sikiliza. Nikiacha rangi hii, nitakaa humu mpaka Desemba nikiomba nini? Kila nikiamka nitakuwa naomba taa ya mtu izime. Nitakuwa nawaangalia watoto wakipanda, naomba izime. Mimi nilikwishaomba hivyo kwa siku moja, Jumatatu, na supu haikupita kooni." Akamgeuzia kisu upande wa mpini. "Kwangua mwenyewe."

"Mimi?"

"Si umesema kazi unaijua?"

Aldemar aliinuka, akapiga goti moja na magoti yote mawili yakalia. Alikwangua polepole. Rangi ya Mbishi ilikuwa ya maziwa juu, na chini yake ya maziwa tena, kwa sababu mkewe hakupenda rangi nyingine. Vumbi lilimwangukia kwenye kiatu.

"Imetosha."

"Zaidi."

"Imeshakuwa nyeupe, mama."

"Hiyo ni rangi, Aldemar. Zaidi."

Alipomaliza, chuma kilikuwa na duara la ukubwa wa sarafu, safi kabisa. Rubiela alifunga waya mweusi, akapaka grisi juu yake. Kilichobaki kilikuwa kile kidude cha zamani chini ya dashibodi kinachofanya indiketa iwake na kuzima kwa mlio wa tiki-tiki. Taa mpya hazili umeme wa kutosha kukipasha moto, kwa hiyo chake kilitolewa kama cha wengine wote, kikawekwa kipya kilichokuja kwenye boksi. Aldemar alipanda kitini, akawasha indiketa ya kushoto. Ikawaka na kuzima, vizuri, sawasawa. Akainamisha sikio.

"Haisemi."

"Hicho hakina sauti."

"Marehemu mke wangu alikuwa anapenda ile sauti. Alisema ni kama gari linahesabu nyumba." Aliizima. Akakaa na mikono kwenye usukani. "Na hii nayo imezibwa, haina globu ya kulegea."

Rubiela alimwangalia. Aldemar akaona aibu, akavaa kofia.

"Ulijua."

"Miaka sita na nusu."

"Na ukanyamaza."

"Nilifurahi," alisema Rubiela.

Mzee aliusugua usukani kwa kidole gumba. "Sasa mimi nitakuja na nini?"

"Na miguu. Nyumba yangu iko nyuma ya shule, ina mlango kama nyumba nyingine. Chumvi ninayo, sukari guru ninayo. Usiniletee gari."

Aldemar aliguna, sauti ambayo haikuwa ndiyo wala siyo, akawasha injini. Rubiela alikaa akilisikiliza gari mpaka lilipopita kanisani. Kisha akafagia maganda ya rangi, ya maziwa, ya buluu, ya kijani, yakawa fungu dogo katikati ya sakafu. Vyuma vya kazi alivipanga kwenye beseni, kisu juu. Kopo la biskuti lilibaki na globu ishirini na moja kwenye pamba. Alilifunika, akaliacha kwenye rafu. Redio ilikuwa inaimba, hakuizima. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, ufunguo wa chumba ukiwa ndani ya mfuko wa mbele wa aproni hiyo, akachukua sweta.

Fanny alimwona akitoka na sweta begani, mlango nyuma yake uko wazi. Alidhani anakwenda kununua mkate. Alimpungia mkono, naye akampungia. Saa kumi na moja Duván alishuka ngazi kuuliza ni nani anayesikiliza redio kwa sauti kubwa namna ile. Akakuta chumba kitupu, taa ya dari inawaka, fungu la rangi limefagiliwa vizuri. Aliketi kwenye kopo amsubiri, kwa sababu alikuwa na hotuba ndogo aliyoiandaa, ya kumshukuru. Alisubiri mpaka nyimbo zikaisha zikaanza habari. Rubiela hakurudi.